Kwenda kula Kijapani mjini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndo yanayorudi kila mtu akitaka kwenda kula Kijapani kwa mara ya kwanza, na mengine ni ya watu ambao washakwenda sana ila kuna kitu hakijakaa sawa. Nimejibu kama ninavyoongea na rafiki, kuna sehemu nitaenda ndefu na kuna sehemu nitapita tu. Kubwa ninalotaka ulishike ni hili, kabla hujaagiza chochote jua jiko hilo linaweza nini, alafu kula hicho.

Kwani mgahawa wa Kijapani si ni sushi tu?

Hapana, na hapa ndo wengi wanapopotea. Kule Japani mara nyingi mgahawa unafanya kitu kimoja, wa sushi ni wa sushi, wa rameni (tambi za kwenye supu) ni wa rameni, kuna wa tempura yaani kamba au mboga zilizochovywa kwenye rojo ya unga zikakaangwa, kuna wa samaki aina ya mkunga wa kuchoma, kuna wa mishkaki ya kuku wanayoita yakitori, kuna wa tonkatsu yaani nguruwe aliyepakwa chenga za mkate akakaangwa, na mpishi anaweza kukaa kwenye hicho kimoja maisha yake yote ya kazi. Nje ya Japani hivyo vyote vinabanwa kwenye menyu moja nene yenye picha, manake mwenye mgahawa anataka kila anayeingia apate cha kwake. Sina ugomvi na hilo, ila jikoni hakuna mtu anayeviweza vyote kwa kiwango kimoja, kwa hiyo usimwulize mhudumu "kipi kizuri" maana atakwambia vyote vizuri, mwulize "watu wanarudi hapa kwa ajili ya nini?" Utashangaa jinsi jibu linavyobadilika.

Na siku hizi swali hilo lina uzito kuliko zamani. Wizara ya kilimo ya Japani huwa inahesabu migahawa ya Kijapani iliyoko nje ya nchi, mwaka 2006 ilikuwa kama 24,000, mwaka 2013 kama 55,000, na 2023 ikafika kama 187,000. Wapishi waliofundishwa vizuri hawawezi kuongezeka kwa kasi hiyo, kwa hiyo kazi ya kuchagua imebaki kwako mlaji.

Nitajuaje mgahawa unafaa kabla sijaagiza?

Anza na pua. Mahali penye samaki wabichi hapatakiwi kunuka samaki, samaki mzuri ana harufu ya bahari kwa mbali sana au hana kabisa, ukifungua mlango ukapokelewa na shombo geuza tu, hamna haja ya kuona menyu.

Kama kuna kaunta simama kidogo uangalie mikono ya mpishi. Anafuta kisu kila baada ya kukata? Ubao wake mkavu au umelowa maji ya samaki? Vipande vilivyoko kwenye friji ya kioo vinang'aa au pembeni vimeshaanza kukauka na kugeuka rangi? Hivyo vitatu vinatosha kabisa.

Menyu fupi ni dalili nzuri, na kikaratasi cha samaki wa leo kinachobadilika ni nzuri zaidi, maana yake kuna mtu anaenda kununua kilichopo. Taa za karatasi, maua ya bandia ya cherry na muziki wa filimbi havikwambii chochote kuhusu chakula, hivyo fundi yeyote anaweza kukuwekea kwa wiki moja.

Nigiri, maki, sashimi... tofauti ni nini?

Nigiri ni tonge dogo la wali wenye siki, juu yake kipande cha samaki. Maki ni ile ya kuviringishwa kwenye nori, yaani ule mwani mkavu mweusi, ikikatwa unapata vile viduara. Temaki imeviringishwa kama koni na inaliwa kwa mkono, hiyo ile hapohapo ukiletewa, maana nori inaanza kulegea kwa dakika chache ukiacha inakuwa kama kutafuna ngozi. Chirashi ni bakuli la wali na samaki wamepangwa juu. Sashimi ni samaki mtupu bila wali, kwa hiyo kusema kweli sashimi sio sushi, sushi iko kwenye wali.

Mbona kila mtu anayejua sushi anaongelea wali badala ya samaki?

Kwa sababu samaki mzuri anaweza kununuliwa na yeyote mwenye hela, wali lazima uupike mwenyewe. Siki, chumvi na sukari kidogo vinachanganywa wali ukiwa wa moto, unageuzwa kwa mwiko bapa kwa kukata sio kwa kukoroga, unapepewa, alafu unatunzwa usipoe kabisa. Kwenye kaunta nzuri wali unafika kwako ukiwa na joto karibu sawa na la mwili wako.

Mwangalie mpishi akitengeneza. Anachovya vidole kwenye maji ya siki ili wali usimgande, anachota kitonge bila kukitazama, anakibonyeza mara chache tu kwa vidole viwili huku samaki ameshalala kwenye kiganja kingine, anageuza, anabonyeza tena, anaweka. Ukikiinua hakimwagiki, ukikiweka mdomoni kinaachia chenyewe na unasikia punje moja moja. Hapo ndo penyewe. Nishakaa mahali pazuri sana pa kuangalia, jodari mwekundu anang'aa, alafu wali umetoka kwenye friji umekakamaa kama umekandwa, na yule jodari wote akapotea bure. Ukikutana na wali baridi mgumu kwenye oda ya kwanza usiongeze sushi, hamia kwenye vya moto, pengine huko ndo kwenye nguvu yao.

Samaki mbichi si hatari jamani?

Hatari ipo ila inajulikana na ina dawa yake, kwa hiyo tuiongelee vizuri maana hapa kuna uvumi mwingi.

Ya kwanza ni minyoo, hasa anisakisi anayekaa kwenye samaki wa baharini. Dawa yake ni kugandisha sana. Sheria za Ulaya zinataka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe nyuzi -20 za selsiasi kwa angalau saa 24 au -35 kwa saa 15, na miongozo ya Marekani inasema -20 kwa siku 7, au agandishwe mpaka awe jiwe alafu akae -35 kwa saa 15. Wapo samaki wanaosamehewa, mfano Marekani jodari wa aina kubwa hawalazimishwi, na Ulaya samoni wa kufugwa aliyelishwa chakula kisicho na minyoo anaweza kusamehewa. Kwa hiyo mtu akijisifia kwamba samaki wake "hajawahi kuona friza" hiyo sio sifa ya moja kwa moja, kwa samaki wengi wa porini friza ndo inayokulinda. Friza ya nyumbani usiitegemee kwa kazi hii, nyingi hazifiki baridi hiyo wala haziishikilii.

Ya pili ni bakteria, na hapa friza haikusaidii kwa sababu kugandisha kunawalaza tu hakuwaui. Usafi na ubaridi ndo ulinzi, ndo maana nikasema angalia ubao na kisu.

Ya tatu wengi hawaijui, jodari na ndugu zake wakiachwa kwenye joto wanatengeneza histamini, kemikali inayoleta dalili kama za aleji, na hiyo hata ukipika haitoki. Ukisikia mdomo unawasha au una ladha ya pilipili kali wakati chakula hakina pilipili, acha kula, mwambie mhudumu, na uso ukianza kuwaka au moyo kwenda mbio nenda kwa daktari.

Samaki wa maji baridi mbichi mimi sili na sikushauri, minyoo yake ni mingine na ni wasumbufu zaidi. Na ukiona kitu kinaitwa "jodari mweupe" kwa bei nafuu uliza ni samaki gani hasa. Kuna mahali wanauza samaki anayeitwa eskola kwa jina hilo, nyama yake ina nta ambayo tumbo la binadamu haliisagi na inaharisha vibaya, Japani yenyewe ilipiga marufuku kumuuza tangu 1977.

Mjamzito anaweza kwenda?

Kwenda anaweza, vya kupikwa viko vingi. Kwenye samaki mbichi ushauri wa kiafya unatofautiana nchi na nchi, Marekani wanasema aache kabisa, Uingereza wanaruhusu kama samaki wa porini aligandishwa kwanza, kwa hiyo amsikilize daktari wake. Jambo ambalo hata kupika hakuliondoi ni zebaki, samaki wakubwa wenye zebaki nyingi kama nduaro (swordfish) na jodari wa macho makubwa awaache. Na watoto wadogo, wazee, na wenye kinga dhaifu, vya kupikwa tu.

Ile wasabi ya kijani nichanganye kwenye sosi ya soya?

Kwenye mgahawa wa kawaida changanya tu hakuna atakayekufukuza. Ila jaribu na hivi, wasabi kidogo juu ya samaki moja kwa moja, alafu geuza nigiri upande wa samaki ndo uguse sosi, wali ukiloweka unavunjika na unakunywa chumvi yote. Kwa mpishi makini wasabi ameshaweka mwenyewe kati ya samaki na wali, na pengine amepaka na sosi kwa brashi, hapo huna cha kuongeza.

Wasabi nyingi duniani sio wasabi, ni mzizi mwingine mkali mweupe umechanganywa na haradali na rangi ya kijani. Wasabi halisi ni shina la mmea unaotaka maji safi yanayotembea na ni ghali, linakunwa mbele yako, na harufu yake inapotea ndani ya kama robo saa. Ukali wake unapanda puani kwa upole na kuna utamu nyuma yake. Ukiletewa kilichokunwa sasa hivi kile kwanza peke yake, kidogo tu.

Tangawizi ni ya kusafisha mdomo kati ya samaki mmoja na mwingine. Usiiweke juu ya sushi.

Lazima nile kwa vijiti?

Hapana. Sushi kwa mkono inakubalika kabisa, hata Japani, ndo maana unaletewa kitaulo chenye unyevu mwanzoni. Uma ukitaka omba.

Makosa mawili tu ya vijiti ndo yanamkera Mjapani kweli, kuvisimamisha kwenye bakuli la wali na kupokezana chakula kijiti kwa kijiti, kwa sababu vyote viwili vinafanana na mambo ya msibani kwao, wali wa marehemu na mifupa inayopokezanwa baada ya kuchoma maiti. Mengine yote utajifunza taratibu.

Rameni nichagueje?

Angalia supu kwanza, tambi baadaye. Kuna ya shoyu yaani ya soya, ya shio ni ya chumvi na nyepesi, ya miso (rojo zito la soya iliyochachushwa) ambayo inahusishwa na mji wa Sapporo, na tonkotsu ya upande wa Hakata huko Fukuoka, hiyo ni mifupa ya nguruwe inachemshwa kwa masaa mpaka maji yanakuwa meupe kama maziwa. Kuna na paitani ya kuku, nzito vilevile lakini bila nguruwe, mimi naona haipewi heshima inayostahili.

Bakuli likifika usianze na simu. Inama, vuta mvuke, onja supu peke yake, utaona vijiduara vya mafuta vinaogelea juu na hivyo ndo vinabeba harufu. Alafu ingia kwenye tambi haraka. Zile tambi zina majimaji ya magadi yanaitwa kansui, ndo yanayozipa umanjano na ule mvutano zikitafunwa, ila zinaendelea kuiva ndani ya supu, dakika kama tano za kupiga stori na umeshapoteza nusu ya kazi ya mpishi. Kuzivuta kwa sauti ni sawa kabisa, hewa inapoza na harufu inapanda. Supu yote si lazima umalize, chumvi yake ni nyingi.

Mahali pa mtindo wa Hakata tambi zikiisha unaweza kuagiza nyingine zikawekwa kwenye supu iliyobaki, inaitwa kaedama, kwa hiyo usimalize supu mapema.

Na udoni na soba?

Udoni ni tambi nene laini za ngano. Soba ni nyembamba za kahawia, zinatokana na mbegu za mmea wa soba na mara nyingi zinachanganywa na ngano, zinaliwa za moto au za baridi unachovya kwenye sosi. Kwa mtoto au mtu anayeogopa vyakula vigeni, udoni ndo mlango mzuri kuliko yote.

Sili nguruwe na situmii pombe, nitapata cha kula?

Utapata, lakini itabidi uulize kwa undani kwa sababu vitu vinajificha. Nguruwe anayeonekana ni tonkatsu, nyama ya juu ya rameni, na gyoza, vile vifuko vidogo vya unga vyenye nyama ndani, vya kukaanga upande mmoja. Asiyeonekana yuko kwenye supu, unaweza kuagiza "rameni ya mboga" supu ikawa ya mifupa.

Pombe ndo inasumbua zaidi. Mirini, pombe tamu ya mchele inayotia utamu na mng'ao kwenye sosi ya teriyaki na sosi nyingine nyingi, ile halisi ina kilevi kama asilimia 14. Sake ya kupikia, nayo ni pombe ya mchele, inaingia kwenye supu na kwenye kulainisha nyama. Hata siki ya wali na sosi ya soya, kuna chapa zinazoongezwa alkoholi. Sosi ya soya iliyochachushwa kwa njia ya asili nayo inakuwa na kilevi kidogo kutokana na kuchacha kwenyewe, na hapo wanazuoni hawasemi kitu kimoja, hivyo fuata unayemwamini. Usiulize "kuna pombe?" tu, uliza "mnatumia mirini au sake kwenye hiki?" Mhudumu asipojua mwombe aulize jikoni. Pakiwa na cheti cha halali maswali haya yote wameshakumalizia. Sashimi, samaki wa kuchoma kwa chumvi, edamame (soya changa za kuchemshwa na maganda yake), na yakitori ya chumvi badala ya ya sosi ndo sehemu rahisi za kuanzia, ingawa na kuku mwenyewe utauliza amechinjwaje.

Mimi sili nyama wala samaki

Tatizo lako linaitwa dashi. Ni maji ya msingi wa karibu kila supu na mchuzi wa Kijapani, na kwa kawaida yanatoka kwenye mwani wa kombu pamoja na samaki mkavu anayekwanguliwa kama karatasi. Supu ya miso inaonekana haina kitu kumbe ina samaki, tempura ya mboga ni safi lakini sosi yake ina samaki, tofu, yaani jibini ya soya, inakuja na samaki mkavu anatikisika juu. Uliza kama wana dashi ya kombu au uyoga. Inawezekana vizuri tu, watawa wa Kibudha kule wamepika hivyo kwa karne nyingi, na utamu ule mzito unaoitwa umami, aliouchunguza mwanakemia wa Kijapani Kikunae Ikeda mwaka 1908, aliupata kwenye kombu, samaki hakuhitajika.

Vya uhakika zaidi ni maki ya tango au parachichi, inari yaani wali ndani ya mfuko wa tofu ya kukaangwa (uliza ilichemshwa kwenye nini), edamame, biringanya ya miso.

Nina aleji

Sema wakati wa kubuku meza, usisubiri mpaka umeshakaa. Sosi ya soya ya kawaida ina ngano, kwa hiyo asiyekula gluteni aulize tamari (aina ya sosi ya soya) isiyo na ngano au aje na yake. Ile "kaa" ya rangi nyekundu na nyeupe kwenye maki ni samaki wa kusagwa, mara nyingi ina ngano na yai, na inaweza kuwa na kaa kweli. Mafuta ya tempura yanakaanga kamba na mboga pamoja. Ufuta uko kila mahali. Aleji ya soba inaweza kuwa kali sana, na sehemu nyingine udoni na soba zinachemshwa maji yaleyale. Kama aleji yako ni ya kukupeleka hospitali na mhudumu anajibu kwa kubahatisha, simama uondoke bila aibu.

Migahawa ya mchanganyiko, ile ya "mtindo wa Kijapani", ni feki?

Hili swali linaniuma kidogo kwa sababu watu wanalitumia kudharau kazi za wenzao. Angalia historia kwanza. Tempura ilitokana na Wareno waliofika Japani karne ya 16. Mchuzi wa kari wa Kijapani uliingia kupitia Waingereza mwishoni mwa karne ya 19. Rameni imezaliwa kwenye tambi za Kichina. Samoni mbichi unayeona ndo sushi yenyewe, Wajapani hawakuwa na desturi ya kumla hivyo, samoni wa bahari zao alikuwa na minyoo, ni Wanorwe waliokwenda kumuuza kwa bidii miaka ya 1980. Jikoni la Kijapani limekuwa likipokea vya nje miaka yote na kuvifanya vyake.

Na vilivyotoka kwenda nje vikabadilika navyo vina heshima yake. Maki ya California ilizaliwa Amerika Kaskazini, Los Angeles na Vancouver zote zinaidai. Wajapani walianza kuhamia Peru mwaka 1899 na humo kukatokea upishi mzima unaoitwa Nikkei, wenye ndimu na pilipili, na mpishi Nobu Matsuhisa alifanya kazi Peru kabla ya kufungua mgahawa wake Beverly Hills mwaka 1987 na wa New York mwaka 1994 uliosambaza mtindo huo duniani.

Kwa hiyo mimi sipimi kwa asili. Napima kama kila kilichoongezwa kina kazi. Ndimu na pilipili juu ya samaki mweupe vina kazi, vinamwamsha. Maki iliyokaangwa ikamwagiwa mayonezi, sosi tamu na chenga, na ya pili ikaja na sosi ileile, na ya tatu ileile, hapo sosi inaficha kitu. Agiza kipande kimoja cha samaki kisicho na sosi uone wanakuletea nini.

Mpishi lazima awe Mjapani?

Hapana. Uliza alijifunza wapi na kwa muda gani, pasipoti haipiki wali.

Tepanyaki ni nini, na nyama ya Kobe ni ya kweli?

Tepanyaki ni bapa la chuma la moto, mpishi anakupikia mbele yako. Inahusishwa na mgahawa Misono wa mji wa Kobe mwaka 1945, na ile ya kurusha mayai na kuwasha moto ilikuzwa Marekani na Rocky Aoki aliyefungua Benihana New York mwaka 1964. Watoto wanaipenda mno, na nyama na kamba vikiwa vizuri ni mlo wa maana.

Kobe sasa. Ng'ombe wa Kobe ni wa ukoo wa Tajima, anazaliwa, anafugwa na kuchinjwa mkoa wa Hyogo, na nyama yake haikuuzwa nje ya Japani mpaka 2012. Inakuja na cheti na namba ya ng'ombe yenye tarakimu 10, mgahawa unaouza ya kweli unafurahi kukuonyesha. "Baga ya Kobe" ya bei ya kawaida hapo unauziwa mbuzi kwenye gunia. Wagyu ni jina pana zaidi, la ng'ombe wa asili ya Kijapani, na inafugwa nchi nyingi, inaweza kuwa nzuri tu, ila isiitwe Kobe. Na kula kidogo, mafuta yake ni mengi, vipande vichache vinatosha mtu mzima.

Izakaya je?

Izakaya ni baa ya Kijapani yenye chakula, hapo ni mahali pa kukaa na watu, sahani ndogondogo zinakuja moja moja zikiwa tayari na mnashirikiana, hakuna "yangu" na "yako". Agizeni kidogo, mle, muongeze. Ukiona kisahani ambacho hukuagiza usishangae, kwenye nyingi ni sehemu ya malipo ya kukaa, uliza mapema kama kitaingia kwenye bili yako.

Omakase inafaa mtu anayeanza?

Omakase ni pale unapomwachia mpishi achague kila kitu, kwa kawaida kaunta ya viti vichache na saa maalumu ya kuanza. Kwa anayeanza ningesema subiri kidogo, kula sushi za kawaida kwanza ujue samaki unaowapenda, ndo utasikia tofauti unayoilipia. Ukienda, wahi, maana mmoja akichelewa wote wanasubiri, usijipulize marashi makali kwa sababu yanafunika harufu ya chakula cha jirani, sema usichokula wakati wa kubuku, na kila kipande kile hapo hapo kinapowekwa. Na muulize mpishi maswali! Wengi wao wanapenda sana mtu anayetaka kujua.

Sushi ya mkanda unaozunguka ina ubora?

Inaweza. Aliyeibuni ni Yoshiaki Shiraishi, akafungua ya kwanza upande wa Osaka mwaka 1958 baada ya kuona mikanda ya kiwanda cha bia, ili sushi iwe ya watu wote. Rangi ya sahani ndo bei. Siri ni kutochukua kilichozunguka muda mrefu, agiza kwa mpishi au kwenye skrini. Baada ya video za mwaka 2023 za watu kuchezea chakula kinachopita, migahawa mingi Japani ilihamia kwenye kukuletea oda yako tu, na kusema kweli imeboresha ladha.

Na bafe ya sushi kula hadi ushibe?

Mimi napita. Wali unakauka na samaki anakaa nje. Kama ni ya kuagiza mezani na wanatengeneza papo hapo, jaribu, ila uone masharti ya kutozwa kwa kubakiza.

Nawezaje kula vizuri bila kumaliza hela?

Nenda mchana. Migahawa mingi ina seti ya mchana yenye wali, supu ya miso, kachumbari zao na sahani kuu, jiko lilelile na mpishi yuleyule wa usiku, bei chini. Donburi, yaani bakuli la wali lenye kitu juu, linashibisha na lina heshima zake. Kwenye sushi agiza nigiri chache nzuri alafu ujaze tumbo kwa udoni au wali wa kari, badala ya maki kubwa tatu za sosi. Bakshishi Japani hawapokei, kwingine fuata utaratibu wa mji uliopo.

Nibebe nyumbani?

Kari, donburi, karaage yaani kuku wa kukaanga, vinasafiri vizuri. Rameni hakikisha tambi na supu viko mbalimbali. Tempura usibebe, ikifungwa inalowa. Sushi ile ndani ya saa mbili kama haiko kwenye baridi, na usiilaze kwenye friji ukitegemea kesho, samaki anachakaa na wali unakuwa mawe.

Tunaenda kundi, wengine wanaogopa samaki mbichi, tuagizeje?

Anzeni na vya kushiriki ambavyo havitishi, edamame, gyoza au yakitori, tempura. Alafu sahani moja ndogo ya nigiri mchanganyiko katikati ya meza, iwe na yai na kamba aliyepikwa humo humo, anayeogopa aanze na hao, asiyetaka asilazimishwe. Wapenda sushi waanze na samaki mweupe mwepesi, waende kwa jodari na samoni, wamalizie na mkunga wenye sosi tamu, ukianza na huyo mzito wengine wote watakuwa hawana ladha. Kila mmoja na bakuli lake la tambi au wali baada ya hapo, na kabla mhudumu hajaondoka na oda yenu mwulizeni lile swali la mwanzo, watu wanarudi hapa kwa ajili ya nini, akitaja kitu ambacho hamjaagiza ongezeni hicho na mpunguze kingine.